Dada Yetu Aliyesubiri Kusalimiwa

Tunamshukuru Mungu aliyetupa dada huyu kwa miaka sitini na miwili, na tunawashukuru ninyi nyote mliokuja kumsindikiza.

Dada yetu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Septemba 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali alikofanya kazi baba yetu. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano. Utotoni tulimwita Kasuku. Ukidokoa nyama jikoni, baba alikuwa na habari kabla hujameza. Miaka mingi baadaye, shangazi aliposikia kwamba Kasuku ameajiriwa kutunza siri za watoto wa watu, alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa Mungu hakuna lisilowezekana," alisema.

Alianza shule ya msingi ng'ambo ya reli mwaka 1969, akamaliza kidato cha nne katika sekondari ya wasichana mwaka 1979, na mwaka 1983 akahitimu uuguzi. Alihudumu wodi ya watoto kwa miaka kumi na moja. Huko aliona watoto ambao vidonda vilipona lakini usingizi haukurudi. Ndipo akarudi darasani, mtu mzima mwenye familia, kusomea ushauri nasaha.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa watoto watatu. Ilikuwa ndoa ya vicheko. Shemeji alikuwa akimuuliza jioni, "Mama, kazini vipi?" Naye alijibu, "Watoto wamekuja, wamekwenda." Habari za kazi ziliishia hapo, wakahamia kwenye bei ya mkaa.

Tangu mwaka 1996 alifanya kazi katika kliniki ya vijana ya hospitali yetu. Chumba chake kilitengwa na korido kwa ubao mwembamba tu, hivyo alimwomba shemeji amwekee redio koridoni, iwe inalia ili wanaosubiri wasisikie ya ndani. Mlango aliutia kioo, kila apitaye aone yeye ameketi wapi na mtoto ameketi wapi. Mzazi akija juu, "Huyu nimemzaa mimi, niambie amesema nini!" yeye alimjibu taratibu, "Ni kweli, baba, umemzaa wewe. Muulize mwenyewe. Akitaka niketi naye akikujibu, nitaketi."

Kila mtoto alimwambia mambo mawili siku ya kwanza. La kwanza: "Yako nitayatunza, lakini nikiona uhai wako uko hatarini, au kuna mtu anakuumiza, sitanyamaza, na wewe utakuwa wa kwanza kujua." La pili: "Tukikutana njiani, sitakusalimu mpaka unisalimu wewe. Sitaki watu wakuulize umenijulia wapi."

Sisi nyumbani hatukulijua hilo. Siku moja alikuwa sokoni na mama, wakapishana na binti aliyevaa sare ya shule. Binti akamkazia macho, dada yetu akapita. Mama hakungoja wafike nyumbani.

"Yule mtoto amekutazama mpaka shingo imemgeuka, wewe unampita kama nguzo! Nimekulea hivyo mimi?"

"Akinisalimu nitaitikia, mama."

"Makubwa! Siku hizi salamu mpaka ziombwe?"

Dada yetu akachukua kikapu cha mama, wakaendelea na njia. Ilisemwa pale mtaani kwamba kazi ya ofisini imemtia maringo, na hakujitetea.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Hata alipoishiwa nguvu aliendelea kwenda kliniki kwa muda, ili amwambie kila kijana kwa mdomo wake kwamba anaacha kazi, na kwa ridhaa ya kijana mwenyewe amkabidhi kwa mwenzake. "Asije mtoto akafika mlangoni akanikosa, hajaambiwa," alisema.

Mwezi Februari mwaka huu mwanamke mmoja aliingia wodini alikolazwa dada yetu, akiwa na mtoto mgongoni. Akasimama miguuni pa kitanda, akasema, "Shikamoo, mama." Dada yetu akafumbua macho. "Marahaba, mwanangu. Karibu." Tukatoka, tukawaachia nafasi.

Aliposikia msiba, mwanamke huyo alikuja nyumbani, akatuomba haya yasomwe, bila jina lake. Akiwa kidato cha tatu alimwambia dada yetu kwamba hataki tena kuishi. Dada yetu alimjibu, "Hili siwezi kulinyamazia. Chagua tumwite nani." Binti akalia, akamwambia, "Umenisaliti! Na wewe ni kama wao tu!" Mwishowe akamtaja mama yake mdogo. Dada yetu aliketi naye mpaka mama mdogo alipofika, wakaenda wote kwa daktari. Binti alipona, lakini kwa hasira akahamia kwa mshauri mwingine, na kila walipokutana njiani hakumsalimu. "Nilikuwa namkazia macho makusudi," alituambia. "Naye akaniacha na hasira yangu mpaka ikaisha."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Yule wa sokoni. Ningejua..." Akafunga upya kanga yake. "Hapana. Sikutakiwa kujua."

Dada yetu alilala katika Bwana Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Tunawashukuru madaktari, wauguzi na wenzake wa kliniki.

Ameacha mama mzazi, mume, watoto watatu, wajukuu wanne na wadogo zake wanne. Ameacha na wengine, wakubwa kwa wadogo, waliosimama hapa kati yetu na tusiowajua. Tunaomba mtu asiwaulize walimfahamu vipi. Wapeni nafasi tu, nao waweke udongo kama sisi.

Mungu wetu mwema, umpumzishe mtumishi wako kwa amani. Amina.