Misuli Iliyozoea Kufanyiwa Kazi

Wafiwa wenzetu, majirani na marafiki, marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kipira, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa familia yetu, na miaka miwili baadaye akafuatwa na mdogo wake wa kike, ndiye huyu anayewasomea, na tangu hapo mdogo mtu hakuwahi kushika kitu ambacho dada hakukishika kwanza.

Alianza shule mwaka 1968, akawa wa kwanza darasani, mdogo wake akirithi sare zilizopauka na kuulizwa na kila mwalimu mbona hafanani na dada yake, swali ambalo, jamani, linauma hadi leo.

Alifunga ndoa tarehe 4 Juni 1990, na kijana ambaye mdogo wake ndiye aliyemwona kwanza, haya, yamepita, wakajaliwa watoto watatu, wote wana adabu, ikawa wivu juu ya wivu.

Mwaka 1994 alihitimu ubingwa wa magonjwa ya njia ya mkojo, akajikita kwenye ule mrija unaotoka figoni kwenda kibofuni, ambao kwa kawaida hujibana na kujiachia, ukiusukuma mkojo hata mtu akiwa amelala, lakini ukitiwa kipira cha kuuweka wazi, misuli yake hulegea, ikakaribia kuacha kazi kabisa, mkojo ukajishukia wenyewe, na pengine kurudi figoni.

Mwaka jana uvimbe uliubana mrija wake mwenyewe, akawekewa kipira, na hata kuugua aliugua kwa kishindo, wageni wakijaa hadi koridoni, mdogo wake akinuna huku anamkanda miguu, ndipo dada akamweleza kwamba kipira kikitolewa misuli haiamki siku hiyo hiyo, haijafa, imezoea kufanyiwa kazi tu, ivumiliwe. Alifariki Jumanne alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliotupokelea watoto, na wenzake wa kazini mliombeba.

Katika ukoo wetu historia ya marehemu husomwa na mkubwa, ya baba alisoma yeye, ya mama alisoma yeye, na mdogo wake akaionea gere maikrofoni hii miaka yote, leo kaipata, na bado hajaizoea, mvumilieni.

Dada, ingewezekana ungeichukua tena, hata sasa hivi, lakini pumzika, pumzika kwa amani, mdogo wako ataanza kusukuma mwenyewe, polepole.