Kaka Yetu Radi, Mpiga Gitaa Aliyeandikia Okestra

Marehemu kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Radi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa nne kati ya sita wa fundi wa mabehewa na mama mshonaji. Jina hilo alipewa na jirani aliyechoshwa na kelele zake, wala halikuwa sifa.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari kuanzia 1972 hadi 1975. Huko aliazima gitaa la kwaya kwa wiki moja, akalirudisha baada ya miaka miwili, ila kwa haki yake, lilirudi na nyuzi mpya. Baadaye alijifunza ufundi redio, na amplifaya yake ya kwanza aliiunda kwa mikono yake.

Mwaka 1979 alianzisha bendi ya roki na wenzake watatu, wakajaza kumbi kwa miaka ishirini na mitano. Siku moja mwalimu wa kike wa hisabati alivuka barabara, akagonga mlango wa chumba chao cha mazoezi. "Jamani, punguzeni hiyo sauti, nasahihisha mitihani!" Kaka alipunguza, jambo ambalo mama yetu alilipigania miaka yote bila mafanikio. Yeye na mwalimu huyo walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1986.

Mwaka 2004 mpiga ngoma wao alifariki. Nyimbo zao hazikuandikwa popote. Kila mmoja alikuwa na kipande chake kichwani. Walijaribu na mpiga ngoma mwingine, wakashindwa. "Nusu ya nyimbo zetu tumezika na yule bwana," kaka alimwambia mkewe. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: kuacha muziki ambao watu wangeweza kuupiga hata yeye asipokuwepo. Akiwa na miaka arobaini na sita akajiandikisha darasa la kusoma na kuandika noti za muziki, akakaa benchi moja na watoto wa miaka minane. Marafiki walimcheka. Sisi ndugu zake tulicheka zaidi, na leo tunalikiri hilo mbele ya jeneza lake.

Juni 2011 okestra ya mji wetu ilikubali kujaribu kazi ya kwanza aliyoiandikia. Dakika ya tatu, mama mmoja mpiga tromboni aliweka chombo chake mapajani. "Mzee, hapa hujatuachia nafasi ya kuvuta pumzi. Unataka tufe?" Kaka akainuka. "Nisamehe mama. Gitaa halipumui." Ukumbi mzima ulicheka, naye akakusanya karatasi zake zote. Kwa miezi kumi na moja aliandika upya, akizunguka uani akipuliza chupa tupu ili ajue pumzi ya mtu inaishia wapi. Majirani walituuliza kwa upole kama yuko salama.

Tarehe 19 Mei 2012 kazi hiyo ilipigwa na watu hamsini na wanne, na gitaa halikuwemo hata moja. Mashabiki wa zamani walikuja na majaketi yao ya ngozi, wakapiga mbinja kati ya sehemu ya kwanza na ya pili, pasipostahili kabisa. Kaka alikaa safu ya tano, mikono kati ya magoti. Ilipokwisha alimgeukia mdogo wake, anayesoma wasifu huu. "Umeona? Sijagusa kitu, na imelia yote." Tulijivuna siku ile, na hatujaacha mpaka leo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, akisahihisha kurasa kwenye kiti cha mashine. "Mzee, mkono wenye sindano hauandiki!" muuguzi alimgombeza, naye akahamia wa kushoto. Alifariki tarehe 12 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu wanne, na sisi ndugu zake watatu.

Juzi kiongozi wa okestra ya mji mwingine alipiga simu. Walikuwa wamepanga kupiga kazi ya kaka tarehe 5 Aprili, naye akauliza kwa heshima kama waahirishe kwa sababu ya msiba.

"Msiahirishe, mwanangu," mjane alimjibu. "Hiyo ndiyo siku aliyoiandikia. Pigeni."

Kaka, lala kwa amani.