Bafta Iliyokutwa kwa Zamda

Sikilizeni, Talha na wewe Huda, na mlango wa dukani ufungeni kwanza, maana makelele ya Kariakoo yananizidi nguvu. Duka ni lenu wote wawili kama sheria inavyogawa, msigombane mkanitia aibu kaburini. Ninalolitaka ni jingine.

Leo mnauza vitambaa vya kila nchi, vimerundikana hadi barazani. Hamjui ile miaka baada ya vita vya Kagera, kitambaa kilipokuwa cha kibali na foleni, watu wa mtaa huu wakizikwa kwa mashuka yao ya kulalia. Mimi nilificha majora manne ya bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda. Nilijiambia ni ya sanda za majirani, na kweli nyingine nilitoa bure, lakini nyingine niliuza kwa bei ya ulanguzi, Mungu ananiona.

Ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, wenzangu wakatupa mali baharini. Mimi roho iliniuma. Nikayapeleka majora kwa jirani yetu Zamda, mjane aliyekuwa akiosha maiti za wanawake, maana nani angemshangaa mwosha maiti kukutwa na bafta? Askari walimshangaa. Walimtoa mchana kweupe, watu wamejaa, akanitazama asiseme kitu. Nami sikusema. Wanangu, mdomo ulikataa. Alikaa ndani miezi minane, akarudi kifua kimeharibika, hakumaliza mwaka. Haukupita muda, serikali ileile ikaruhusu kila mtu alete kitambaa atakacho.

Mwanawe, Abdulla, hadi leo anaitwa mtoto wa mhujumu. Mara tatu nimekwenda kwake kumwambia. Ananiamkia, “Shikamoo baba,” ananiwekea kiti, nakunywa chai yake, narudi. Sasa hata miguu ya kunipeleka sina.

Nipe maji, Huda... Basi. Jeneza langu likiwekwa mbele ya watu, wakaulizwa nani ana haki yake kwa marehemu, msiwaache waharakishe kusema wamesamehe. Abdulla atakuwepo, hakosi maziko. Talha, simama, sema kwa sauti kwamba bafta ilikuwa ya baba yako. Akinyamaza, msimbembeleze. Nibebeni tu, twendeni.

Mungu awape riziki ya halali, na uzee usio na... usio na hili. Usilie, mama. Radhi zangu mnazo, nyote wawili. Za Abdulla mimi... sijui.