Mzee Simama Alipoikimbilia Treni

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu inakwaruza, na si mafua. Tunamkumbuka Mzee Simama, mshika bendera wa kile kivuko cha reli kilicho karibu na tanuri la mikate. Alifariki Jumanne, kitandani kwake. Viatu vyake vya kazi vilikuwa chini ya kitanda, vimeshapigwa rangi.

Mnakumbuka, miaka ishirini na sita reli yetu ilikuwa kimya. Kila mtu alinunua gari, na aliyekosa aliazima la shemeji. Juu ya reli tukaanika mazulia. Kisha tukaambiwa treni ya abiria inarudi, asubuhi na jioni, kupeleka watu kazini. Tukashangilia. Mzee hakushangilia.

Alikuwa mstaafu. Aliitwa tena kwa sababu wenzake walioijua njia ile walikuwa wameshatangulia. Siku ya kwanza alihesabu magari yaliyosimama juu ya reli kwenye foleni. Arobaini na moja! Mnajijua, madereva. Ukiacha nafasi mbele, mwenzako anachomekea. Basi unasogea, unasogea, mpaka matairi yanakaa juu ya chuma.

Mkewe ananisimulia ya siku zile: "Hata kijiko kikianguka jikoni, anaruka. Namwambia, mume wangu, ni kijiko! Ananijibu, watu wamesahau kuogopa, mke wangu. Nimebaki mimi kuwaogopea."

Aliomba geti. Akajibiwa: treni kwanza, geti baadaye. Akaomba tena. Akaja hata hapa studio, kofia mkononi. Nami, na mdomo wangu huu, nikamtania hewani: "Mzee, treni yenyewe haijaja, wewe umeshagongwa!" Mji mzima ukacheka. Yeye akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ukiwa garini, vioo juu, redio inaunguruma, honi ya treni utaisikia?"

Nikaweka muziki.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ikafika asubuhi ya safari ya majaribio. Saa moja na robo, foleni kama kawaida. Juu ya reli lilisimama gari jeupe, na ndani yake binti wa Mzee, muuguzi, akiwahi zamu. Gari mbele, gari nyuma. Redio yake ilikuwa juu. Alikuwa akinisikiliza mimi, nikirudia utani uleule kuhusu baba yake. Honi hakuisikia. Alihisi kiti kikitetemeka.

"Kwa hofu, kufuli la mlango lilinishinda," binti anasema. "Magari yalinibana mbele na nyuma. Nikamwona baba. Tukatazamana, macho kwa macho. Halafu akanigeuzia mgongo, akakimbia. Nikasema, leo baba kanikimbia."

Wasikilizaji, sikilizeni vizuri hapa. Gari likikwama relini, mshika bendera hakimbilii gari. Anakimbilia treni. Treni haifungi breki kama baiskeli. Inataka umbali, na kila hatua unayosogeza bendera mbele ni pumzi ya mtu. Kwa hiyo Mzee, miaka sitini na minane, alimwacha mwanawe nyuma. Akakimbia katikati ya reli, taruma baada ya taruma, yale magogo yaliyolazwa chini ya vyuma, bendera nyekundu juu, kuelekea kile chuma kilichokuwa kikimjia. "Simama! Simama!" Hakugeuka nyuma hata mara moja. Dakika ya mwisho akajitupa pembeni, kwenye kokoto.

Treni ikasimama hatua tisa kutoka mlango wa binti. Hatua tisa.

Mzee alirudi akitambaa. Binti akamwambia, "Baba, ulinikimbia." Akamjibu, "Ningekuja kwako, mama, tungezikwa wawili."

Geti liliwekwa wiki ileile. Watu wakaanza kumwita shujaa. Alinipigia simu: "Mtangazaji, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi ni mwoga. Haya, cheka."

Mama mjane, dada muuguzi, na ninyi washika bendera wote, poleni sana. Mungu awape subira.

Nawe uliye njiani sasa hivi, ukifika kivukoni, hata kama geti liko juu, baki nyuma ya mstari. Anayetaka kuchomekea, achomekee. Shusha kioo. Kisha zima redio. Hata kama ninayeongea ni mimi. Hasa kama ni mimi. Nizime, usikilize reli.