Alwyn Pascoe, Mtu wa Kituo Namba 372

Marehemu Alwyn Thomas Pascoe alizaliwa tarehe 9 Juni 1922 hapa Moonta, Australia Kusini, kitinda mimba wa Thomas na Winifred Pascoe. Mwaka uliofuata machimbo ya shaba yalifungwa, kaka zake wakaenda mbali kutafuta kazi, naye akakua kama mtoto wa pekee. Alisoma shule ya hapa hadi miaka kumi na minne, kisha akajifunza ufundi wa redio mji wa jirani, Kadina.

Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la anga, akafundishwa rada na kukatazwa kuitaja hata kwa mama yake. Alipelekwa Kituo cha Rada Namba 372, kisiwani kaskazini ya Darwin. Kilikuwa kikosi cha watu thelathini na kitu: wakodoleaji wa kioo cha rada, mafundi, walinzi, na mpishi aliyelaaniwa kutwa mara tatu. Wakubwa wa Darwin waliwajua kwa namba tu. Ndege ikionekana, namba ya kituo ndiyo iliyotangulia taarifa. Na namba ile ilikuwa ya mtambo, si ya watu. Watu waliweza kuondolewa wote wakaletwa wengine, na kituo kikabaki 372 vilevile.

Alwyn hakulijali jambo hilo mpaka lilipomfika. Agosti 1944 malaria ilimlaza hospitali Darwin. Alipopona alipewa amri ya kurudi kituoni, akashuka botini akimpigia kelele rafiki yake wa kikosini, "Len! Nani kanilalia kitanda changu?"

Akatoka mtu asiyemjua. "Wewe nani?"

"Mimi wa hapa, bwana. 372!"

"Hata sisi 372. Kina Len wamepewa namba nyingine, wameshakwenda New Guinea. Pole, ndugu yangu. Chai ipo."

Masikini Alwyn! Alimaliza vita pale, katikati ya watu wema wa Queensland ambao hawakujua hata kichekesho kimoja cha wenzake. Alisema hajapata kuwa mpweke vile maishani.

Tarehe 6 Machi 1948 alimwoa Merle Trezise katika kanisa hili hili, wakajaliwa Lorraine na Graham. Alikuwa na duka la redio Kadina hadi mwaka 1984, na wateja watakumbuka kwamba alizungumza zaidi na redio zao kuliko na wao.

Kila tarehe 25 Aprili askari wa zamani huandamana Adelaide, kila kikosi nyuma ya bango lake. Kina Len walibeba namba yao mpya. "Njoo huku, Alwyn, acha ujinga!" walimwita kila mwaka. Naye akajibu, "Namba hiyo sikuitumikia. Hapo nitakuwa mgeni mwalikwa." Wale wa Queensland walikuwa kwao, wakiandamana huko. Basi Merle alimshonea bango la 372, na Alwyn akatembea nalo peke yake.

"Baba Lorraine, unaona raha gani kutembea mwenyewe kama yatima?" Merle alimuuliza siku moja.

"Sioni raha yoyote. Inauma. Lakini nikiliacha, nani atasema tulikuwepo?"

Mwaka 1991 Len Hocking alitoka kwenye mstari wake mbele ya watu wote, akaja kushika mti wa pili wa bango. "Sogea, mkaidi wewe. Na mimi nilikuwa 372 kabla hujaugua." Alwyn alilia mpaka mwisho wa njia. Walitembea pamoja miaka mitano, kisha Len akafariki, na mzee akarudi kwenye upweke wake.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2003. Aprili iliyopita alikwenda kwa kiti cha magurudumu, bango magotini. Lorraine, aliyekuwa akimsukuma, aliomba kumsaidia kulishika. Mzee alimpapasa mkono akasema, "Hapana, mwanangu. Wewe hukuwepo." Lorraine hakuchukia, alimsukuma taratibu, na baba yake akalishika mwenyewe hadi mwisho. Alifariki nyumbani tarehe 11 Machi 2006, Merle akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Merle. Watoto wawili, Lorraine na Graham. Na wajukuu watatu. Katika wale wa kisiwani tumetafuta, tumepiga simu kila jimbo. Hajaacha mtu.

Zamu yake imekwisha. Mungu ampumzishe kwa amani, pamoja na wenzake.