Waltraud Schlabitz na Jiko la Emil Pankonin

Huyu tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 31 Januari 2014, ni Waltraud Ottilie Schlabitz, wa ukoo wa Pankonin. Babu yake Gottlieb alichimba msingi wa kanisa hili tulilomo. Bibi yake Auguste alimtoa karani wa kodi nje kwa ufagio, na karani hakurudi. Baba yake, Emil Pankonin, alikuwa fundi wa majiko ya vigae, yale ya kupashia nyumba joto. Alijenga mia tatu na kumi humu Berlin, wala hakuna hata moja lililowahi kumwaga moshi chumbani. Na Waltraud mwenyewe alipiga deki sakafu za kambi ya kigeni miaka arobaini na tisa, hadi akaiona kwa macho yake ikifunga virago.

Kambi ya taifa gani? Majeshi yalikuwa manne, yakaukata mji huu kama keki. Waltraud alikataza lile moja lisitajwe. "Wakitaka kutajwa, wafe na wao waandikiwe," alisema. Mdogo wake Roswitha, anayesoma wasifu huu, ametii.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Februari 1929, katika nyumba namba 14, Rotdornweg, ambayo baba yake aliijenga kila Jumamosi kwa miaka minne. Sebuleni aliweka jiko la vigae vya kijani, refu kumzidi yeye. Majira yale ya baridi maji yaliganda mabombani mji mzima, lakini mkunga alivua koti, akavua na sweta, akasema, "Emil, unazalisha mtoto au unaoka mkate?"

Alisoma shule ya msingi ya mtaani madarasa manane, akamaliza mwaka 1943. Kwenye ripoti ya mwisho mwalimu aliandika: "Hasahau kitu. Hii si sifa." Mama yao aliitia ripoti ile kwenye fremu.

Tarehe 12 Julai 1945 askari wa kambi walikuja Rotdornweg na orodha. Familia ilipewa saa mbili kumwachia afisa nyumba. Nguo ruhusa, vitanda hapana, zana za fundi hapana. Mzee Emil alisimama mbele ya jiko. Sajini akamwambia, "Mzee, hilo halibebeki, twende." Wakahamia chumba cha chini ya ardhi, chini ya jengo lililobomolewa na mabomu, hakuna jiko, dirisha la kadibodi. Waltraud akaenda kufanya kazi ya usafi kambini na katika nyumba za maafisa kwa sababu kule walitoa supu ya moto, akawa anaibeba nyumbani kwenye kopo. Tarehe 9 Februari 1947 Emil Pankonin, aliyepasha joto nusu ya mji, alikufa kwa baridi. Kapteni aliyekaa nyumbani kwake alikuwa na mbwa, na mbwa alilala kwenye godoro la Emil.

Jumatatu baada ya mazishi, kapteni yule alimwita Waltraud sebuleni. Alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba.

"Binti, hili dude linawashwaje? Linakula makaa tu."

Kila mtoto wa Berlin anajua. Makaa yakishakolea, mwali ukiisha, unakaza mlango wa jiko kabisa, na vigae vinatunza joto hadi kesho yake. Waltraud aliweka ndoo chini.

"Afande, mnalifunga?"

"Mara tunalifunga, mara tunasahau."

"Ah! Hapo ndipo mnapokosea. Jiko hili lazima lipumue. Mlango wazi mchana kutwa."

"Mchana kutwa?"

"Na usiku. Marehemu baba yangu ndiye aliyelijenga."

Kapteni akashukuru, akayaandika maneno hayo kwa lugha yake, akaibandika karatasi ndani ya mlango wa kabati. Kuanzia siku ile joto lote lilipanda na bomba la moshi kwenda kwa ndege. Kila afisa aliyehama alimrithisha mwenzake nyumba, funguo na karatasi. Maafisa kumi na mmoja. Nyumba haikuwa yao, kwa hiyo mabomba ya joto hawakuweka. Walilalamika kwamba baridi ya mji huu inaingia hadi kwenye mifupa. "Ndiyo, afande," Waltraud alijibu, akikamua dekio. "Berlin ndivyo ilivyo."

Tarehe 6 Juni 1953 aliolewa na Egon Schlabitz, kondakta wa tramu wa Pankow. Siku ya kuvunja vyombo mlangoni, kama desturi, bwana harusi alifagia vipande kwa bidii hadi akafagia na kiatu cha shangazi yake. Walipendana. Egon alikuwa ameandikishwa kama mkazi wa kwa mama yake Pankow, upande wa mashariki, ili mama asinyang'anywe chumba. Agosti 13, 1961, Jumapili, mji ulifungwa kwa seng'enge, kisha ukuta, naye alikuwa ng'ambo.

Oktoba 1962 habari ilifika kwamba Egon yuko hospitali, figo zimekataa kazi. Sisi wa magharibi hatukupewa kibali cha kuvuka, hata cha kwenda kuzika. Lakini maafisa wa kambi walivuka kila Jumamosi, gari lao halikaguliwi, kwenda kununua vyombo vya kauri kwa bei ya bure. Waltraud alimwendea meja aliyeishi Rotdornweg wakati huo.

"Afande, hospitali iko njiani. Mwambie tu kwamba mkewe yuko hapa ukutani kila siku, saa kumi. Asikie hilo. Uniletee atakachojibu."

Meja alikuwa anafunga vifungo vya glavu. "Mama, mimi ni askari. Si tarishi."

Jioni alirudi na jogoo wa kauri. Egon alikufa tarehe 4 Novemba, hajaambiwa kitu.

Januari iliyofuata ilikuwa baridi ya kuua, na mke wa meja alikuwa na mtoto mchanga, midomo ya samawati. Roswitha alimwambia dada yake, "Traudel, waambie. Mtoto ana kosa gani?"

"Baba alikuwa na kosa gani? Egon?"

"Sikuulizi habari zao."

Waltraud akaokota ndoo yake. Lakini miezi mitatu alifika kazini kabla ya wenye nyumba kuamka, akawasha, akakaza mlango wa jiko, akamwambia yule mama kwamba hali ya hewa imebadilika. Meja alipohamishwa, akaufungua tena. Joto alimpa mtoto. Maarifa hakuwapa.

Kambi iliondoka Septemba 1994, kwa bendi na hotuba. Afisa wa mwisho alimkabidhi Waltraud nyumba ya baba yake, chumba kwa chumba, na sebuleni akasema kwa huruma, "Jiko ni bovu. Ushauri wangu, libomoe."

"Vua kofia, afande. Kaa."

Alilijaza makaa, akalisubiri, akakaza mlango. Baadaye akauchukua mkono wa afisa akaubandika kwenye kigae. Afisa aliuondoa haraka, akaenda kabatini akaisoma ile karatasi, akarudi jasho likimtoka.

"Tangu lini?"

"Miaka arobaini na saba na miezi saba. Waandikie wote. Anza na mwenye mbwa, kama yu hai."

Aliishi katika nyumba ile hadi mwisho. Novemba iliyopita moyo ulidhoofika, miguu ikavimba, akakataa kulazwa. Alifariki Jumapili, tarehe 19 Januari, akiwa na miaka themanini na minne, kwenye kiti chake. Ameacha mdogo wake Roswitha na Marlis, binti wa Roswitha. Watoto hakujaliwa. Tunamwombea amani, ingawa hakuwa mtu wa kuiomba.

Siku tatu kabla ya kufariki kwake, barua ilifika kutoka chama cha askari wa zamani wa kambi. Wanataka kubandika kibao cha shaba ukutani kwake, chenye majina ya maafisa kumi na mmoja na maneno ya urafiki. Watakuja Jumanne, tarehe 4 Februari, saa nne asubuhi. Waltraud alimwita Marlis kitandani.

"Wamesikia naumwa. Wanadhani watakuta nyumba haina mtu. Utakaa wewe."

"Mama mkubwa, kazi yangu iko Hannover."

"Kuna treni. Wakija na ngazi yao, simama mlangoni. Waambie ukuta huu ukiandikwa majina, la kwanza ni Emil, la pili ni Egon, na nafasi imeisha."

"Na wakisisitiza?"

"Usibishane nao, mwanangu. Funga mlango. Ukaze."