Sauti ya Magamba Iliyotoka Kisegi

Mgeni rasmi, Daktari Nyasuguta. Nesi wetu Mosoti. Wageni wetu kutoka Lambwe na Kosele. Na waume zetu mliosimama nyuma mkingojea soda: hamjambo nyote.

KARIBU NYUMBANI

Sisi kina mama wauza samaki wa Kisegi tunakukaribisha, Daktari, kwa furaha. Kiti ulichokalia ni cha mwenyekiti wetu, Mama Dorah, na hajawahi kumwachia mtu mwingine. Siku ulipokuja kuomba ruhusa ya kuingia kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, uchunguze jinsi uvumi wa chanjo unavyosafiri, tulidhani umekuja kuchumbiwa na nesi Mosoti. Tunaomba radhi, ingawa hatujakata tamaa.

TULIKOTOKA

Tulisaini fomu zako, wote themanini na watatu. Wiki ya kwanza tulitumiana mistari ya Biblia na picha za maua tu, kwa sababu daktari anatazama. Wiki ya pili tukakusahau kabisa. Yale uliyosoma humo kuhusu mama wakwe zetu, tafadhali yabaki kwenye kompyuta yako.

Ndipo ikaja ile sauti. Mwenzetu mmoja alimwona nesi Mosoti akishuka kwenye pikipiki na sanduku la buluu la chanjo ya surua, linalofanana kabisa na masanduku yetu ya barafu ya kubebea samaki. Akarekodi mzaha: "Wololo! Wamama, Mosoti ameleta chanjo na sanduku ya mbuta! Watoto wataota magamba!" Kisha akacheka mpaka akakohoa. Sisi tunaomjua tulicheka naye, tukasambaza. Huko mbele mtu tusiyemjua akakata kicheko, akaweka picha ya mtoto mwenye vipele, na sauti ikafika Kosele, Lambwe, Migori mpaka ng'ambo ya mpaka.

Katika ripoti yako, mama huyo unamwita Mshiriki wa Kumi na Nne.

TULIYOFANIKIWA

Tumetunga sheria. Anayesambaza habari ya afya kabla ya kumuuliza nesi, mvua ikitisha yeye ndiye atakayeanua omena, yaani dagaa, za wenzake wote. Mama Dorah ameanua mara nne. Mara ya mwisho ilikuwa kwa ajili ya kitunguu kinachotibu kila kitu. Siku hizi akipokea ujumbe, kwanza anaangalia mawingu.

YANAYOTUSUMBUA

Daktari, sauti ile bado inatembea. Jumanne ilirudi kwetu kutoka Migori, ikiitwa onyo la daktari bingwa. Nesi Mosoti alirekodi masahihisho ya dakika kumi na moja, na hatumjui aliyefika dakika ya pili. Lambwe wanasema nesi lazima atetee kazi yake. Wanataka kumsikia yule mama mwenyewe.

Hapa hatutanii. Edith, aliyeketi pale mbele na mwanawe Levis, alikuwa tayari kwenye foleni ya chanjo huko Lambwe sauti hiyo ilipoingia kwenye simu yake. Akambeba mtoto, akarudi nyumbani. Levis alishikwa na surua, akalazwa siku kumi na mbili. Amepona, lakini jicho la kushoto halioni vizuri. Tulimwalika Edith leo bila kumwambia sababu. Jumatatu chanjo inarudi Lambwe, na kina mama wengi wameapa kuwaficha watoto. Tunaogopa.

MAOMBI YETU

Kwanza, utafiti ukiisha usitoke kwenye kikundi. Tutakukosa.

Pili, Jumatatu tupe nafasi kwenye gari lako la kwenda Lambwe, pamoja na kipaza sauti. Omena zitangoja.

Tatu, mtoe Mshiriki wa Kumi na Nne mafichoni, uandike jina lake. Tunajua sheria za utafiti haziruhusu, lakini mwenyewe ameomba.

Nne, yeyote mwenye simu aiwashe sasa, arekodi mpaka mwisho, na asikate kitu.

Edith, dada yangu, sauti ile ni yangu. Nilikuwa natania tu, na mwanao akaumia. Sanduku lile ni la zahanati, safi, na halijawahi kubeba samaki. Wajukuu wangu wawili walichanjwa kutoka sanduku lilo hilo, na hawana gamba hata moja. Nilijua tangu mwezi ule ule niliporekodi kwamba mzaha wangu unawafukuza watu kwenye foleni, nikanyamaza kwa aibu. Nisamehe ukiweza. Kama leo huwezi, Jumatatu nitaanzia mlangoni kwako.

Mungu akuzidishie nguvu, Daktari, na awape watoto wa Lambwe na Kisegi afya njema. Erokamano, asante sana.

Ni mimi Rispa, katibu, Mshiriki wa Kumi na Nne,
kwa niaba ya Kikundi cha Kina Mama Wauza Samaki, Kisegi.

Hii sasa isambazeni.